Roho ya Mdogo Wake Imeibwa! Watoto wa Kihmong wapata shujaa wa kwao

Msomaji, leo tuanze na kisa. Kuna binti wa miaka 11, jina lake Pahua Moua, mkazi wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Mama yake kutwa yuko kazini, na likizo nzima binti kaachiwa kazi moja: kumwangalia mdogo wake wa kiume, Matt. Marafiki hana. Wenzake wa mtaani wanamwona kituko. Rafiki yake wa kufa na kuzikana ni paka, na paka mwenyewe si wa kufukuza panya jikoni. Ni mzimu. Hakuna anayemwona isipokuwa Pahua peke yake.

Siku moja, katika kuhangaika ili naye akubalike na wenzake, anakwenda kwenye daraja ambalo mtaa mzima unajua lina mambo yake. Kumbe kweli! Darajani kuna pepo mwenye hasira, na Pahua bila kukusudia anamfungulia. Haupiti muda, Matt yuko hoi kitandani. Wengine wanaona ugonjwa tu, lakini dada mtu anajua kinachoendelea: roho ya mdogo wake imechukuliwa, na isiporudishwa mapema ndio basi tena. Binti anajikaza, anaingia ulimwengu wa mizimu kuifuata. Anaongozana na paka wake na binti mwingine mkali kama pilipili, Zhong, anayesomea vita vya kiganga.

Hiyo ni Pahua and the Soul Stealer, riwaya ya watoto ya mwandishi Lori M. Lee, iliyotoka Septemba 2021. Kwako wewe inaweza kuwa hadithi tamu ya kusoma ukiwa kwenye daladala. Kwa mtoto wa Kihmong anayesoma shule ya Marekani, kuna kitu kingine mle ndani. Pepo wale, uganga ule, ile habari ya roho kutoka mwilini, vyote anavijua. Amevikuta sebuleni kwa bibi yake. Na kwa miaka mingi amekuwa akiomba Mungu wenzake wasivijue.

WAHMONG NI AKINA NANI?

Usione haya kama hujawahi kuwasikia. Wamarekani wengi wenyewe walikuwa hivyo hivyo. Asili ya Wahmong ni kusini mwa China. Katika karne ya 19 wengi walishuka kusini, wakaingia kwenye milima ya Laos, Vietnam na Thailand. Huko walilima mpunga na mahindi, wakaishi kwa koo. Ukoo kwao si jambo la mzaha. Moua, Lee, Vang, Yang na Xiong ni baadhi ya majina ya koo hizo, na watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama mmoja katoka mashariki na mwingine magharibi na hawajawahi kuonana.

Balaa liliwakuta miaka ya 1960. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na Shirika la Kijasusi la Marekani, CIA, likaendesha vita vingine vya chinichini ndani ya Laos. Jeshi la kupigana vita hivyo lilitokana kwa sehemu kubwa na Wahmong, chini ya Jenerali Vang Pao. Hata vijana wadogo walishikishwa bunduki. Mei 1975 Wamarekani wakafungasha. Ndege zikamchukua jenerali na watu wachache kutoka ngome yao ya Long Tieng, na maelfu wakaachwa wakiangalia juu.

Walioachwa walikimbilia msituni, kisha wakauvuka Mto Mekong usiku kuingia Thailand. Wengine walivuka kwa mafungu ya mianzi, wengine hawakufika ng'ambo. Waliofika waliwekwa kwenye kambi kama Ban Vinai, na kutoka huko, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, wakaanza kupelekwa Marekani. Kundi kubwa la mwisho lilianza kuja 2004. Leo Wahmong wa Marekani ni zaidi ya laki tatu, na wengi wako katika majimbo matatu: California, Minnesota na Wisconsin. Lori M. Lee ni mmoja wa watoto wa safari hiyo. Familia yake iliingia Marekani ikitokea kambi ya wakimbizi Thailand, yeye akiwa bado mdogo.

UZI MKONONI

Sasa tuje kwenye mambo ya sebuleni. Kwa imani ya jadi ya Kihmong, mtu hana roho moja tu. Roho inaweza kushtuka ikatoka, inaweza kupotea njia, inaweza kuibwa na pepo. Ikitoka, mwili unaugua. Dawa yake ni kuiita irudi, jambo wanaloliita hu plig. Mwitaji anasimama mlangoni, kuku na yai vikiwa tayari, anaisemesha roho kwa upole kama unavyombembeleza mtoto aliyenuna: njoo nyumbani, chakula kipo, ndugu wako wote wapo. Kisha ndugu wanamfunga mgonjwa nyuzi kwenye kifundo cha mkono ili roho isitoroke tena.

Mambo yakiwa mazito zaidi anaitwa mganga, txiv neeb. Anafunika uso kwa kitambaa, anakaa juu ya benchi, na benchi hilo ndilo farasi wake. Upatu unapigwa, njuga zinalia, na yeye anaondoka. Mwili uko pale mnauona, lakini mwenyewe yuko safarini anaitafuta roho iliyopotea, anapatana bei na mapepo. Safari inaweza kuchukua saa kadhaa.

Haya, wewe uliyesoma mjini unajua kinachofuata. Kama uliwahi kupelekwa shule na hirizi chini ya shati, unajua ile hofu ya kuvua nguo kipindi cha michezo. Mtoto wa Kihmong naye ana uzi mweupe mkononi, na Jumatatu asubuhi mwenzake anamwuliza, hiyo nini? Afanyeje? Aseme kwamba jana nyumbani kulichinjwa kuku na nguruwe ili roho yake irudi? Wee! Anavuta mkono wa sweta, anabadilisha mazungumzo. Wako waliokua hivyo, wakijifunza kidogo kidogo kwamba ya nyumbani ni ya kuficha.

HADITHI ILE ILE, UPANDE WA PILI

Kwa muda mrefu, Mmarekani aliyetaka kusoma habari za Wahmong alipewa kitabu kimoja: The Spirit Catches You and You Fall Down cha mwandishi wa habari Anne Fadiman, kilichotoka 1997. Jina hilo ni tafsiri ya neno la Kihmong la kifafa. Ni kisa cha kweli cha mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 1982 huko Merced, California. Alipata kifafa akiwa na miezi mitatu. Wazazi walisema dada mtu alibamiza mlango, roho ya mtoto ikashtuka ikatoka. Madaktari walisema ni umeme wa ubongo, wakaandika dawa, wakazibadilisha, wakaziongeza. Wazazi hawajui Kiingereza, madaktari hawajui Kihmong, na mkalimani mara nyingi hayupo. Ikafika mahali serikali ikamchukua mtoto kwa muda, kwa madai kwamba wazazi hawampi dawa inavyotakiwa. Mwaka 1986 degedege kubwa lilimwacha mtoto hajitambui. Wazazi wakamlea nyumbani hivyo hivyo kwa miaka mingi, mpaka alipofariki 2012.

Ni kitabu kizito na kimeandikwa kwa huruma. Kimesomwa sana na wanafunzi wa udaktari ili wajifunze kumsikiliza mgonjwa. Lakini jiweke kwenye nafasi ya kijana wa Kihmong. Watu wako wametokea kwenye vitabu, na wametokea wakiwa tatizo la hospitali. Mwaka 2008 ikaja filamu ya Clint Eastwood, Gran Torino. Wahmong wamo tele, tena waliigiza wenyewe. Wakatokea wakiwa majirani wa mzee wa Kizungu, wanasumbuliwa na genge la vijana, na mwenye kuwaokoa ni yule mzee.

Sasa viweke kisa cha Merced na kisa cha Pahua mezani pamoja. Utaona kitu. Vyote vinaanza na mtoto mgonjwa, na ndani ya vyote wapo watu wanaosema roho imetoka. Cha kwanza kinamfanya msomaji aulize: hawa watu tuwasaidieje waelewe dawa? Cha pili kinamfanya msomaji aseme: haya Pahua, kimbia, muda unaisha! Imani ile ile iliyokuwa kikwazo kwenye faili la daktari imegeuka kuwa ramani ya safari. Mtoto anayejua habari za hu plig, sasa ndiye anayejua njia, na mwenzake wa Kizungu aliyekaa pembeni ndiye anayeuliza, halafu ikawaje?

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi za maajabu. Kitabu cha historia kinamwambia mtoto yaliyowapata wazazi wake, naye anatoka na machozi. Anahitaji kuyajua, sikatai. Lakini mtoto wa mkimbizi anayesomeshwa habari za vita na mito ya kuvuka peke yake anaweza kudhani watu wake walizaliwa ili waonewe huruma. Hadithi ya maajabu inampa upanga, inampa rafiki anayesema ovyo, inamruhusu awe mjinga kidogo kisha ashinde. Watoto wa Kiingereza wamepewa hayo siku zote.

SUNGURA ANA NAFASI KULIKO YEYE

Kuna kituo cha vitabu vya watoto katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, ambacho kwa miaka mingi kinahesabu nani anatokea kwenye vitabu vya watoto Marekani. Hesabu yake ya vitabu vya mwaka 2018 ilitia watu kiwewe. Nusu ya vitabu, asilimia 50, wahusika wake wakuu walikuwa Wazungu. Asilimia 27 walikuwa wanyama na vitu kama magari. Weusi asilimia 10. Waasia wote, kuanzia Wachina, Wahindi, Wajapani hadi Wakorea, asilimia 7. Umesoma vizuri: dubu na sungura waliwazidi Weusi na Waasia hata ukiwajumlisha. Sasa ndani ya hiyo asilimia 7, Mhmong utamtafuta kwa tochi.

Haina maana kwamba hakukuwa na kitu kabisa. Mwaka 1989 kilitoka Nine-in-One, Grr! Grr!, kisa cha jadi kilichosimuliwa na Blia Xiong. Ni mambo ya Sungura na Fisi matupu! Chui milia jike anaambiwa na mungu Shao kwamba atazaa watoto tisa kila mwaka, mradi asiyasahau maneno hayo. Njiani anayaimba asije akasahau. Ndege akaona hatari: tisa kila mwaka, si tutaliwa wote? Akamchanganya, na chui akafika nyumbani anaimba mtoto mmoja kila miaka tisa. Ndiyo maana chui milia si wengi duniani. Mwaka 1996 kikaja Dia's Story Cloth cha Dia Cha, kinachopita katika historia ya Wahmong kwa kutumia kitambaa kilichodariziwa. Ufundi huo wa kudarizi unaitwa paj ntaub, na ule wa kudarizi visa vya vita na safari ulishamiri kwenye kambi za wakimbizi.

Vilikuwa vitabu vizuri, lakini kimoja ni ngano ya kale na kingine ni historia. Mtoto wa leo, mwenye begi, baiskeli na mama anayerudi kazini amechoka, alikuwa bado hajaingia kwenye maajabu. Mlango ulifunguka 2018, pale Rick Riordan, aliyetajirika kwa visa vya Percy Jackson na miungu ya Wagiriki, alipoanzisha chapa yake ndani ya kampuni ya Disney. Chapa hiyo inatoa vitabu vya waandishi wanaoandika visasili vya kwao wenyewe. Roshani Chokshi alianza na visa vya Kihindi. Kwame Mbalia akamleta Anansi, yule buibui mjanja wa Afrika Magharibi, mwaka 2019. Zamu ya Wahmong ikafika 2021 na Pahua. Tena ulikuwa mwaka wao: mwezi Julai, binti wa Kihmong wa mji wa St. Paul, Sunisa Lee, alikuwa ametwaa dhahabu ya mazoezi ya viungo kwenye Olimpiki ya Tokyo.

DINI YA MTU NI MCHEZO?

Hapa kuna mfupa, na tusiurushe chini ya meza. Mungu Zeu wa Wagiriki hana anayemchinjia mbuzi siku hizi, kwa hiyo Riordan anaweza kumvisha kaptula na hakuna atakayeandamana. Mizimu ya Wahmong bado ina wenyewe. Kuna nyumba California na Minnesota zenye madhabahu ukutani na vijiti vya udi asubuhi hii. Kwa watu hao neno kisasili linakwaruza, kwani nani huita dini yake kisasili? Upande mwingine kuna Wahmong wengi Wakristo, ambao hawataki mtoto wao asifiwe mapepo, hata ya kwenye kitabu.

Hofu hiyo ina mifano. Mwaka 2018 riwaya ya watu wazima Trail of Lightning, iliyojaa mambo ya Kinavajo, ilipingwa hadharani na kundi la waandishi wa Kinavajo. Walisema mwandishi Rebecca Roanhorse si mtu wao, na kwamba ameanika mambo matakatifu yasiyotakiwa kuanikwa. Wengine walimtetea. Ugomvi ule ulionyesha kwamba swali haliishii kwenye "tumeonekana au hatukuonekana". Kuna pia nani kaonyesha, na kaonyesha nini.

Lee yeye ni mtu wa nyumbani, na hilo linampa haki ya kujaribu, ingawa halimpi hati ya kusemea koo zote. Angalia alivyotumia jina la mganga wa kwanza. Simulizi za Kihmong zinasema zamani, magonjwa na mauti yalipowazidi watu, alikuwapo mganga shujaa aliyepambana na mapepo na kuweza kujigeuza maumbo. Kwa maandishi ya Kihmong jina lake ni Siv Yis. Lee anaandika Shee Yee. Kwa nini? Kwa sababu maandishi hayo, yaliyobuniwa na wamisionari huko Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950, yana mtego. Herufi ya mwisho haitamkwi, inaonyesha sauti ipande au ishuke, kwani Kihmong ni lugha ya toni. Neno Hmoob unalitamka Hmong. Mtoto wa Kimarekani akikutana na Siv Yis atang'ata ulimi. Kwa hiyo mwandishi kalegeza tahajia ili mgeni apite. Lakini paka kamwachia jina lake, Miv, na miv kwa Kihmong ni paka tu. Mtoto wa Kihmong akifika hapo anacheka peke yake, na darasa zima halijui anacheka nini. Safari hii utani ni wake.

KITABU KIMOJA HAKIFANYI MAKTABA

Tusipige vigelegele kupita kiasi. Kitabu kimoja kinabebeshwa mzigo ambao hakuna mwandishi wa Kizungu anayebebeshwa. Akikosea tambiko, kakosea kwa niaba ya watu laki tatu. Akimfanya Pahua mpweke, ataulizwa mbona watoto wa Kihmong wana kaka, dada na binamu kibao. Dawa ya mzigo huo ni vitabu vingi, kila kimoja kikibeba fungu lake. Kao Kalia Yang, aliyezaliwa kambi ya Ban Vinai, ameshaanza upande wa vitabu vya picha. A Map into the World cha 2019 kina mtoto wa Kihmong, bustani, na majirani wazee, mmoja wao anafariki. Hakuna pepo hata mmoja, na bado ni Wahmong.

Shule nazo zinasogea. Aprili 2024, Wisconsin ilipitisha sheria ya kufundisha historia ya Wamarekani wenye asili ya Asia, na Wahmong wametajwa kwa jina. Sheria itawaletea watoto tarehe za vita na idadi ya waliovuka mto. Ni haki yao. Ila sheria haiwezi kumfanya mtoto akunjue mkono wa sweta darasani, uzi ukaonekana, na mwenzake akauliza kwa wivu kama naye anaweza kufungwa mmoja. Kazi hiyo wameachiwa akina Pahua, na paka wake.

Wewe msomaji je? Kama bibi yako bado yupo na ana visa vyake vya majini, mashetani na madaraja yenye mambo, mfuate wikiendi hii. Nenda na daftari. Usimcheke.